Fimbo Inayosema: Mwongozo wa Kutengeneza Nyumbani Vifaa vya Mtu Asiyeona

Fimbo ya kwanza niliyomtengenezea baba mkubwa niliikata kwenye bomba la plastiki, lile la kupitishia nyaya za umeme ukutani. Niliipaka rangi nyeupe ikang'aa, nikaifunga kamba kwenye mpini, nikampelekea. Alitembea nayo kutoka barazani mpaka kwenye mwembe, akarudi, akanirudishia mkononi. "Mwanangu," akasema, "fimbo hii haisemi."

Ilinichukua muda kumwelewa. Plastiki laini humeza mtetemo. Ncha ikigusa changarawe, saruji au majani, mkono haupati habari yoyote. Mimi ninayeona nilidhani fimbo ni ya kumkinga mtu asijigonge, kumbe yeye alitaka ya kusomea ardhi. Tangu siku hiyo, kila kifaa ninachomtengenezea mtu asiyeona huwa nakiuliza swali moja kwanza: kitasema nini, na kitasemea wapi, kwenye kiganja, kwenye kidole au sikioni?

Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukata, kuchoma na kutupa. Vifaa vingi hapa hutoka kwenye mabaki ya karakana na vitu vya duka la vifaa vya shule. Kimoja tu kinahitaji bodi ya umeme yenye programu, nacho nimekieleza kwa urefu.

Kabla ya kushika msumeno

Kaa na mwenye kifaa. Muulize anaona nini, maana wengi tunaowaita vipofu bado wana kiasi cha uoni: wengine huona mwanga na kivuli, wengine rangi kali, wengine katikati tu au pembeni tu. Baba mkubwa alipoteza uoni kwa presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni taratibu kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. (Ugonjwa huu hufuata ukoo. Kama yupo ndugu yako wa damu mwenye nao, nenda kapimwe presha ya macho hata kama unaona vizuri leo.)

Kisha muulize ni jambo gani lilimsumbua wiki hii. Usimuulize "unahitaji nini", kwa sababu swali hilo humfanya mtu ajibu kwa adabu. Anayekuambia kwamba juzi alijimwagia chai mapajani amekwisha kukupa kazi. Na ukienda dukani kununua bomba au mbao, nenda naye. Mwache ashike, apime uzito, agonge sakafuni. Mikono yake inajua zaidi ya macho yako.

Fimbo nyeupe

Mwaka 1921 mpiga picha wa mjini Bristol, Uingereza, James Biggs, alipopoteza uoni kwa ajali aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamwone. Weupe ule ulikuwa kwa ajili ya wengine. Urefu, ambao ni kwa ajili ya mwenye fimbo, ulikuja baadaye, pale Richard Hoover alipokuwa akiwafundisha askari waliopofuka vitani huko Marekani mwaka 1944: fimbo ndefu, nyepesi, inayopapasa mbele ya mguu kabla mguu haujafika. Ukitengeneza leo, unahitaji vyote viwili.

Pima hivi. Mtu avae viatu anavyotembelea kila siku, asimame wima. Pima kutoka sakafuni hadi chembe ya moyo, pale mfupa wa kifua unapoishia. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Mwenye hatua ndefu au mwenye haraka muongezee sentimita 5 hadi 15. Wapo wanaopenda ifike karibu na kidevu. Mara ya kwanza kata ndefu, kwa sababu ndefu hupunguzwa na fupi hutupwa.

Angalizo moja kubwa: fimbo hii haiegemewi. Mzee mwenye magoti mabovu anahitaji mkongojo mwingine, mnene na imara, kwa mkono wa pili. Ukijaribu kuunganisha kazi mbili katika fimbo moja utapata fimbo nzito isiyosema, au nyepesi itakayovunjika siku atakapojiegemeza kwenye ngazi.

Bomba la alumini lenye upana wa nje wa milimita 13 hivi ndilo bora. Ni jepesi, ni tupu ndani, na hupitisha mtetemo vizuri. Mafundi wa milango na madirisha ya alumini huwa na vipande. Chuma kiache, baada ya nusu saa ya kupepea kulia na kushoto kifundo cha mkono huuma. Lenga uzito usiozidi gramu 300.

Pasipo alumini, mwanzi unafaa sana. Chagua uliokomaa, ulionyooka, unene wa kidole cha kati. Ukaushe kivulini wiki tatu au nne ukiwa umefungwa kwenye ubao ulionyooka. Ukiuanika juani utapasuka. Futa mafundo kwa tupa, piga msasa, zungushia uzi uliopakwa gundi ya mbao kwenye sentimita 10 za chini ili usichanike. Mwanzi haukunjiki, lakini unasema vizuri.

Kama unatengeneza ya alumini ya kukunjwa, fuata mpango huu:

1. Kata bomba vipande vinne vilivyo sawa. Kila mdomo wa bomba usugue kwa tupa ndani na nje mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.
2. Tafuta bomba jembamba linaloingia ndani ya lile la kwanza kwa kusukumwa kidogo. Nenda dukani na kipande cha bomba kubwa ujaribu palepale, maana tofauti ya nusu milimita huharibu kazi. Kata viungio vitatu vya sentimita 10.
3. Kila kiungio kiingize nusu, yaani sentimita 5, kwenye kipande kimoja na ukigandishe kwa gundi ya chuma ya kuchanganya. Nusu inayobaki nje isugue kwa msasa ielekee wembamba kidogo, ili ichomoke inapovutwa na isicheze ikisharudi.
4. Pitisha lastiki nene ya mviringo, ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, ndani ya vipande vyote. Ikiwa imelegea iwe na urefu wa robo tatu ya fimbo. Chini ifunge kwenye ncha, juu itokeze kwenye mpini na ifanye kitanzi cha mkononi. Ikiwa imelegea mno fimbo itafunguka njiani. Ikikazwa mno mzee hataweza kuikunja.
5. Mpini: vuta tyubu ya baiskeli juu ya sentimita 20 za juu. Paka maji ya sabuni iteleze, kisha iache ikauke. Upande mmoja ubapaze kwa kuweka kipande cha plastiki chini ya tyubu, kidole cha shahada kilale hapo. Kidole hicho ndicho kinachosikiliza.

Ncha ndiyo ulimi wa fimbo, usiifanyie haraka. Wakereza vyuma huchonga bushi za magari kwa nailoni ngumu na hubakiwa na vipande. Omba wakuchongee kijiti cha sentimita 8: nusu iingie ndani ya bomba, nusu ibaki nje ikiwa na unene wa milimita 20 na mwisho wa mviringo kama yai. Ncha nyembamba hunasa kwenye nyufa za lami na kumchoma mtu tumboni. Ile ya mviringo huruka juu ya ufa. Toboa kitundu kwenye ncha cha kufungia lastiki, na uibane na bomba kwa skurubu ndogo, maana itachakaa na utataka kuibadilisha. Usiweke mpira chini ya ncha. Mpira huzima sauti, na sauti ya ncha inayogonga humwambia mtu kama yuko karibu na ukuta au uwanja umefunguka.

Rangi ya mafuta hubanduka kwenye alumini. Ipige msasa, ipake kwanza rangi ya msingi ya chuma, au uzungushie stika nyeupe ya riflekta, zile zinazobandikwa kwenye malori, ambazo hung'aa usiku taa zikizipiga. Sentimita 15 hadi 20 za chini ziwe nyekundu. Usiipambe kwa mikanda myekundu fimbo nzima: Uingereza na nchi kadhaa mikanda ile humaanisha kwamba mwenye fimbo haoni wala hasikii.

Kuhusu kutembea nayo, kaa mbali na ualimu kama hukufunzwa. Nakupa msingi tu ili uelewe kwa nini fimbo ina umbo hilo: mkono hukaa katikati mbele ya kitovu, ncha hupepea kwa upana unaozidi mabega kidogo, na mguu wa kulia ukienda mbele ncha hugusa kushoto, wa kushoto ukienda ncha hugusa kulia. Kwa njia hiyo kila hatua inakanyaga mahali palipokwisha kupapaswa. Vyama vya wasioona na shule zinazofundisha wanafunzi wasioona zina walimu wa jambo hili. Mpeleke, au mwombe mwalimu aje.

Kinga ya kifua na uso

Fimbo haiwezi kuona kilicho juu ya kiuno. Bati la kibanda lililochomoza, tawi, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa: hivyo ndivyo vinavyopasua paji la uso. Hapa ndipo umeme unapofaa, ukiwa nyongeza ya fimbo na si badala yake. Wapo wanaoanza na kifaa cha umeme kwa sababu kinapendeza kwenye maonyesho. Betri ikiisha katikati ya barabara, mtu hana kitu.

Unahitaji bodi ya Arduino Nano (kompyuta ndogo inayopokea programu), kihisi cha sauti HC-SR04, mota ya mtetemo iliyotolewa kwenye simu mbovu, transista 2N2222, rezista ya kilo-ohm 1 na nyingine ya ohm 22, dayodi 1N4007, na pawabenki ndogo.

Kihisi hutoa mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hivi, kwenda na kurudi, kwa hiyo kila sentimita ya umbali hugharimu takriban maikrosekunde 58. Kihisi hiki hupima kuanzia sentimita 2 hadi 400.

Unganisha hivi: VCC ya kihisi (chanya) kwenye 5V ya bodi, GND (hasi) kwenye GND, Trig (inayoamuru mlio) kwenye pini ya 9, Echo (inayoleta jibu la mwangwi) kwenye pini ya 10. Mota usiifunge moja kwa moja kwenye pini, utaiunguza bodi; pini ile haikuumbwa kubeba mkondo huo. Transista ina miguu mitatu: besi, emita na kolekta. Pini ya 3 ipite kwenye rezista ya kilo-ohm 1 hadi besi. Emita iende GND. Kolekta iende kwenye waya mmoja wa mota; waya wa pili wa mota upite kwenye rezista ya ohm 22 hadi 5V, kwa kuwa mota za simu zimezoea volti 3 tu. Dayodi ifungwe sambamba na mota, mstari uliochorwa mwilini mwake ukielekea upande wa 5V, imeze mrusho wa umeme mota inapozimwa.

Programu ni fupi. Iamuru pini ya 9 iwake kwa maikrosekunde 10, isome muda ambao pini ya 10 imewaka, igawanye kwa 58 ipate sentimita. Jibu likizidi 140, au lisipokuja kabisa, mota inyamaze. Likiwa kati ya 140 na 80, mota itetemeke mara moja moja. Chini ya 80, itetemeke haraka haraka. Subiri milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, mwangwi wa zamani uishe. Mimi nilianza na ngazi sita za mtetemo nikidhani namsaidia. Baba mkubwa akaniomba mbili, "nyingine zinanichosha kichwa". Mbili zinatosha.

Jaribu kwanza ukutani na tepu ya kupimia. Simama mita moja, kisha nusu mita, uone kama mtetemo unabadilika.

Mfuko wa kitambaa uning'inie kifuani, macho mawili ya kihisi yakitoka kwenye matundu, yameinuka kidogo, kama nyuzi 25. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, mita moja na ushee mbele yake mlio hupita usawa wa uso. Mota iwe imeshonewa kwenye ukanda wa begani, igusane na mwili. Usitumie baza ya kupiga kelele: asiyeona anahitaji masikio yake kwa magari na watu.

Mwambie mtumiaji ukweli kuhusu udhaifu wake. Nguo iliyoanikwa hunyonya mlio, kwa hiyo kihisi huweza kutoiona. Ukuta ulio kimshazari hurusha mwangwi pembeni. Hakioni shimo wala mtaro. Na HC-SR04 haistahimili mvua. Ipo JSN-SR04T isiyoingiza maji, ila hiyo haipimi kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 hivi, jambo ambalo kifuani si tatizo. Jambo jingine: pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo. Iwashe ikiwa na kifaa dukani, subiri dakika tano kabla ya kulipa.

Jikoni

Kwa chai ya moto kidole hakiwezi kuwa kipimo, ndiyo maana nikatengeneza kengele ya kikombe. Chukua betri tatu ndogo za AA kwenye kishikizo chake, baza ndogo inayolia yenyewe ikipewa umeme, transista mbili za BC547 na rezista ya kilo-ohm 10. Kata vipande viwili vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, kwenye kijiko cha stenlesi kilichopinda kwa mfano, ukunje kila kimoja kama ndoano ya kuning'inia ukingoni mwa kikombe, kikishuka ndani sentimita 2. Visigusane.

Ndoano ya kwanza iungwe na chanya ya betri kupitia rezista. Ya pili iende besi ya transista ya kwanza. Emita ya kwanza iingie besi ya pili. Kolekta zote mbili ziungane na waya hasi wa baza. Waya chanya wa baza uende chanya ya betri. Emita ya pili iende hasi ya betri. Chai ikifika kwenye ndoano inakuwa waya, baza inalia, mmiminaji anaacha. Transista mbili zinahitajika kwa sababu maji ya bomba hupitisha umeme kidogo sana. Waya usiwe wa shaba, hushika kutu ya kijani, na hiki kitu kinagusa kinywaji.

Alama za makopo hazihitaji ufundi. Lastiki moja kwa chumvi, mbili kwa sukari, kopo la magadi liache bila kitu. Kwenye jiko la gesi, weka tone la gundi nzito kwenye kitufe pale moto unapokuwa mdogo na jingine pale unapozimwa kabisa, kidole hulikuta. Mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa ya chooni visipewe alama yoyote ya kufanana na chakula. Viondoe kabisa jikoni. Na ukishapanga, usisogeze kitu. Kaya nzima iambiwe, watoto na wageni.

Pesa na sahihi

Noti za Tanzania huongezeka urefu kadiri thamani inavyopanda: ya 10,000 inaipita ya 5,000, nayo inaipita ya 2,000, nayo inaipita ya 1,000. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapasa, ila alama hulala noti ikizeeka. Kipimo cha urefu husaidia pale vidole vinapositasita.

Kata ubao wa plastiki ngumu, urefu sentimita 16, upana sentimita 8. Mwisho mmoja gandisha ukuta wa kusimamishia noti. Tafuta noti mpya za kila thamani, zisizokunjwa, uziweke moja moja zikigusa ukuta, na pale kila moja inapoishia chonga mfuo pembeni kwa tupa nyembamba: mmoja kwa ndogo, miwili kwa inayofuata, hivyo hivyo. Usinakili vipimo kutoka popote, pima noti yenyewe. Tofauti ni za milimita chache, kwa hiyo mwenye nacho afanye mazoezi nyumbani kabla ya kwenda sokoni, na noti iliyokunjamana ainyooshe kwanza mezani.

Kadi ya sahihi ni kazi ya dakika kumi. Kwenye manila ngumu nyeusi, ukubwa wa kadi ya benki, kata dirisha la sentimita 7 kwa 1.5. Karani huiweka juu ya mstari, mtu anasaini ndani ya dirisha. Baba mkubwa alikuwa ameanza kuweka dole gumba kila mahali, yeye aliyeandika barua za watu kijijini miaka mingi. Siku aliposaini tena aliniomba nimsomee jina lake mara mbili.

Kwa mwenye uoni hafifu

Manila hiyo hiyo nyeusi, kubwa zaidi, ikiwa na dirisha la sentimita 18 kwa 2, huwekwa juu ya ukurasa ikaacha mstari mmoja au miwili. Weusi hukata mng'ao wa karatasi nyeupe, na jicho halipotezi mstari. Ongeza kibao cha kusomea cha sentimita 40 kwa 30 kilichoinuliwa nyuzi 45, chenye kipingo chini cha kuzuia kitabu, ili mtu alete maandishi karibu na jicho bila kukunja shingo. Taa ikae upande wa jicho linaloona vizuri zaidi, nyuma kidogo ya bega, imulike ukurasa na isimpige machoni.

Matunzo

Mara moja kwa mwezi chomoa vipande vya fimbo ufute vumbi kwenye viungio kwa kitambaa kikavu. Mafuta yasipakwe, hukusanya mchanga. Lastiki ikianza kuonyesha nyuzi ibadilishe usingoje ikatike. Ncha ya nailoni ikilika upande mmoja izungushe robo, na ikibaki nyembamba kuliko bomba, mpelekee mkereza vyuma akuchongee tatu kwa mpigo, uweke mbili akiba kwenye kabati analolijua mwenyewe.